Kanuni ya CD Moja na Lugha Isiyo na Karatasi

Naandika makala haya kupinga sentensi moja tu. Imo katika mwongozo wa uandaaji wa tasnifu wa chuo kimoja nilichowahi kukitumikia kama mtahini wa nje, na nimeikuta, kwa maneno yanayokaribiana, katika miongozo ya ofisi nyingine zinazopokea ripoti za utafiti. Inamtaka mtahiniwa awasilishe nakala zilizojalidiwa za kazi yake pamoja na CD moja yenye nakala laini ya kila kitu: matini, majedwali na viambatisho vyote. Ni sentensi fupi, ya kiutawala, isiyoonyesha chuki wala upendeleo kwa yeyote. Nadai kwamba sentensi hiyo ni sera ya lugha iliyotiwa ndani ya bahasha, na kwamba kuna watu mahususi inaowadhulumu.

Wengi hawaioni dhuluma hiyo kwa sababu wengi hawaguswi nayo. Tasnifu ya kurasa 300, ikiwa ni maandishi na majedwali, huchukua megabaiti chache. CD hubeba megabaiti 700. Kwa mwanahistoria, mwanauchumi au mwanaisimu wa Kiswahili, CD moja ni ghala tupu ambamo kazi yake inakaa pembeni kama kiberiti juu ya meza. Hakuna anayebanwa, kwa hiyo hakuna anayeisoma kanuni hiyo mara ya pili.

Lakini kuna lugha zisizolala juu ya karatasi. Tangu William Stokoe alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba lugha za alama ni lugha kamili, zenye vipashio na kanuni zake, wala si maigizo ya mikono. Maana hubebwa na umbo la kiganja, mahali kiganja kilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Na sehemu kubwa ya sarufi imo usoni. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda, taarifa hugeuka kuwa swali. Hakuna mfumo wa maandishi unaotumiwa na jamii ya Viziwi wetu katika maisha ya kila siku. Kwao, video ndiyo kalamu na ndiyo daftari. Anayetafiti Lugha ya Alama ya Tanzania haambatishi video ili kupamba kazi. Video ndiyo data, ndiyo nukuu, ndiyo ushahidi wenyewe. Kumwambia aitie yote katika CD moja ni sawa na kumwambia mwanahistoria afute irabu katika nyaraka zake hadi bahasha ifungike.

Tufanye hesabu, maana mjadala huu hauwezi kuendeshwa kwa huruma peke yake. Chukua mahojiano ya saa tatu, kiasi cha kawaida kabisa kwa utafiti wa uzamili. Saa tatu ni sekunde 10,800. Gawanya ujazo wa CD kwa sekunde hizo: kila sekunde inapata takriban kilobiti 540. Programu nyingi hutenga kilobiti 128 kwa ajili ya sauti bila kumuuliza mtu. Picha inabakiwa na kilobiti 415 hivi. Sasa linganisha. Kamera ya kanda ya MiniDV huandika picha kwa kilobiti 25,000 hivi kwa sekunde, na saa moja yake hujaza takriban gigabaiti 13. Hata VCD, ile tuliyoidharau kwa ukungu wake, ambayo kiwango chake kiliwekwa mwaka 1993, ilitenga kilobiti 1,150 kwa picha ndogo ya pikseli 352 kwa 288. Mtafiti wetu basi anapewa sehemu moja katika 60 ya kile kamera ilichokinasa, na zaidi kidogo ya theluthi ya kile ambacho mfanyabiashara wa filamu aliwapa wateja wake. Ni kweli kwamba kodeki za baadaye, yaani programu za kubana na kufungua video, hutumia biti kwa ustadi zaidi kuliko ile ya VCD. Ustadi huo una mpaka, na mpaka huo huonekana kwanza kwenye vidole.

Kwa nini vidole? Kwa sababu kodeki hufanya kazi kama mwandishi mvivu mwenye akili. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa picha zinazofuata huandika mabadiliko tu: hapa hapajasogea, pale pamesogea kidogo kushoto. Picha hugawanywa katika miraba midogo, na ndani ya kila mraba maelezo membamba ndiyo hutupwa kwanza. Mtu akikaa kitako akazungumza kwa mdomo, mabadiliko ni machache na biti zinatosha. Uso wake unabaki safi na ukuta nyuma yake unabaki ukuta. Kitu chochote kinachokwenda kasi kina gharama, na biti zikiisha, kodeki haitangazi kwamba zimeisha. Hulainisha. Hujaza mraba kwa rangi ya wastani na kuendelea mbele. Kiganja kilichokuwa na vidole vitano kinakuwa bonge la rangi ya ngozi kwa nusu sekunde, na nusu sekunde katika lugha ya alama ni neno.

Kibaya zaidi, kodeki haijui kilicho muhimu. Mwembe unaotikiswa na upepo nyuma ya mzungumzaji hula biti nyingi kuliko mikono yake. Kitenge chenye maua madogo madogo hula biti. Mtafiti anayewarekodi wazee barazani kwao, mchana, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kwa heshima ya mgeni, anaziona biti zake zikigawiwa majani na maua. Halafu kuna mistari: kamera nyingi za mtindo wa PAL hunasa nusu-picha 50 kwa sekunde, na programu nyingi za kubana hutupa nusu moja ili zipate fremu 25. Nusu ya mwendo wa mkono imekwenda hata kabla ubanaji wenyewe haujaanza.

Na ile sauti? Rudi kwenye kilobiti 128. Kwa saa tatu, sauti inachukua megabaiti zaidi ya 160, karibu robo ya CD nzima. Sauti ya nini? Wazungumzaji ni Viziwi. Ni ya feni, ya jogoo wa jirani, ya bodaboda inayopita. Robo ya nafasi iliyotengwa kwa ajili ya lugha ya watu hawa imepewa kelele wasiyoisikia, kwa sababu aliyeweka mipangilio ya awali ya programu hakuwahi kuwaza kwamba kuna video isiyohitaji sauti. Sijapata kuona mfano mwepesi zaidi wa kumweleza mwanafunzi maana ya ubaguzi usio na mbaguzi.

Kazi niliyoitahini ilikuwa ya aina hiyo. Mtahiniwa aliwarekodi Viziwi wa rika la wazee wakisimulia maisha yao ya shule na alama walizozitumia zamani. Mada ina uzito, maana shule ya Viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, nyingine kama Buguruni na Mwanga zikaja baadaye, na shule hizo zilikuza alama zilizotofautiana. Aliyeingia darasani miaka hiyo ya mwanzo leo ni mzee. Alama alizojifunza kwa wenzake bwenini hazimo katika kitabu chochote. Zimo mikononi mwake, na zitaondoka naye.

Nilimwomba Kiziwi mmoja, mtu mzima na mahiri katika lugha yake, atazame CD pamoja nami na mkalimani. Tulikwenda vizuri kwa dakika kadhaa. Kisha msimulizi akaanza kutaja kwa herufi za vidole jina la mwalimu wake, na baada ya jina akatoa alama ambayo tasnifu ilidai kuwa ni ya kale na ya pekee. Mwenzangu akasimamisha video. Akairudisha. Akaisogeza mbele hatua kwa hatua. Akamwambia mkalimani: hapa mzee anasema kitu, lakini vidole havipo. Tukatazama tena. Havikuwapo kweli. Kulikuwa na mkono, kulikuwa na mwendo, na mwisho wa mkono palikuwa na miraba. Tasnifu ilieleza umbo la kiganja kwa kinaganaga. CD haikuweza kuthibitisha wala kukanusha. Hoja kuu ya sura nzima ilisimama juu ya miraba minne ya rangi ya kahawia.

Nikaomba faili halisi za kamera. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu: kamera na kadi zake ni mali ya idara, huazimwa kwa zamu, na kadi zilikwisha kufutwa ili mwanafunzi mwingine azitumie. Kanuni ilidai CD moja; CD moja ilikuwa imewasilishwa na kupigwa muhuri. Mmoja wa wazee wale alikuwa amefariki dunia. Hakuna mtumishi aliyevunja utaratibu wowote, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Kila mmoja alitenda alichoagizwa, na sauti ya marehemu, maana mikono ile ndiyo ilikuwa sauti yake, ikafutwa kihalali.

Wanaotetea kanuni hii wana hoja ninazozijua, na sipendi kuzidharau. Ya kwanza ni kwamba kila video ya kidijitali imebanwa, hata ile ya kamera, basi kelele za nini? Ni kweli imebanwa. Lakini kamera imeundwa na wahandisi waliojiuliza jicho la binadamu linahitaji nini. CD moja imewekwa na kamati iliyojiuliza rafu ina nafasi kiasi gani. Isitoshe, kubana kilichokwisha kubanwa ni kutoa nakala ya nakala: kosa la kwanza linachukuliwa kuwa sehemu ya picha, na la pili linapandishwa juu yake. Kilichotupwa hakirudishwi na programu yoyote.

Ya pili ni bajeti. Hapa naomba watumishi wa umma wanisikilize kwa makini, kwa kuwa hoja ya bajeti hutumika kama pazia. Diski kuu ya nje ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 70 za video ya DV kama ilivyotoka kwenye kanda. Ujazo huo huo kwa CD ungehitaji diski zaidi ya 1,400, na kabati la kuzitia, na mtu wa kuzipanga. Idara inayonunua diski mbili za namna hiyo kila mwaka, moja ya maktaba na moja ya kuwekwa jengo jingine, inatumia fedha ambazo semina moja ya siku mbili huzimaliza kwa chai na posho. Sisemi fedha zipo tele. Nasema zinakwenda kwingine.

Ya tatu hunichekesha. Husemwa kwamba CD ni salama kwa kuwa haifutiki. Haifutiki kwa kubonyeza kitufe, sawa. Lakini CD ya kuandikwa hutunza data katika tabaka jembamba la rangi ya kikaboni, na rangi hiyo hudhoofishwa na joto, unyevu na mwanga. Tunazihifadhi Dar es Salaam, katika vyumba ambavyo kiyoyozi kilikufa zamani, tukiwa tumezibandika karatasi zenye gundi na kuziandika kwa kalamu ya wino mkavu upande uleule uliobeba data. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kuichomeka. Nimeona maktaba ambako kuna diski mamia na kiendeshi kimoja, na kiendeshi hicho kimo ndani ya kompyuta iliyofungwa ofisini mwa mtu aliye likizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, lenye namba na tarehe ya kila CD.

Linganisha tabia hii na ya soko. Waliotazama filamu kwenye vibanda vya video, na walionunua filamu zetu zenyewe enzi za Kanumba, wanakumbuka Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili. Tulilalamika, na tulikuwa na haki, kwamba wauzaji walirefusha hadithi ili wauze mara mbili. Hata hivyo VCD moja haikubeba zaidi ya dakika 80 hivi, na hadithi ilipozidi, muuzaji wa Kariakoo aliongeza diski. Hakuyeyusha nyuso za waigizaji ili filamu ienee. Alijua mteja angeirudisha. Mzee Kiziwi hana duka la kuirudishia tasnifu.

Suala hili halikomei vyuoni. Fikirieni maelezo ya mlalamikaji Kiziwi yaliyorekodiwa kwa video, kisha yakabanwa na karani mwenye nia njema ili yaingie katika CD ya jalada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaelekeza mahakama, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, kutazama namna data ilivyotengenezwa na kutunzwa, na namna ukamilifu wake ulivyolindwa. Wakili wa upande wa pili akiuliza kidole kilichopotea kilikuwa kinasema nini, nani atajibu? Mkalimani atakisia. Na mkalimani akikisia, mlalamikaji amesemewa tena, kama alivyozoea kusemewa tangu utotoni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwaka huo huo wenzetu wa Kenya waliiandika Lugha ya Alama ya Kenya katika Katiba yao, wakaifanya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haikuifunga maana ya kumbukumbu ndani ya karatasi. Kwa hiyo hatukosi matamko. Tunachokosa ni mtu wa kuteremka kutoka kwenye matamko hadi kwenye sentensi ile ya mwongozo na kuuliza: hii inafaa nani? Kanuni inayompa kila mtu megabaiti 700 inaonekana ya haki mno. Ni haki ya aina ya kumpa kila mgeni kiti kimoja, aliyekuja kwa miguu na aliyekuja kwa kiti cha magurudumu, kisha kushangaa mmoja wao anapouliza mlango wenye njia ya mteremko uko wapi.

Ninachokidai kinaweza kuandikwa katika nusu ukurasa, na nimekwisha kukiandika na kukipeleka kwa kamati inayohusika. Mosi, pale ambapo video ni data, kinachowekwa maktaba kiwe faili kama lilivyotoka kwenye kamera, katika diski kuu mbili zilizo majengo mawili, zikikaguliwa kila mwaka na mtu mwenye jina. Pili, kadi ya idara isifutwe kabla ya mtahini kusaini kwamba ameona faili halisi na zinafunguka. Tatu, CD ibaki kama wanavyoitaka, lakini iitwe jina lake: nakala ya kutazamia.

Na kwa kuwa kamati hukutana kwa mwendo wake, nawaagiza wanafunzi wangu, na ninawashauri wa wengine, wasisubiri. Ukilazimishwa kubana, ondoa sauti kwanza. Picha itapata karibu theluthi zaidi ya ilichokuwa nacho. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kupunguza idadi ya fremu, maana mkono mdogo unaosogea sawasawa husomeka, na mkono mkubwa unaoruka hausomeki. Tumia ubanaji wa mizunguko miwili, ili programu iipitie video yote mara ya kwanza na kujua wapi pa kutumia biti zake. Kata kingo zisizo na kitu. Rekodi mbele ya ukuta mtupu, na umwombe mzungumzaji kwa adabu avae nguo ya rangi moja. Kisha tafuta nukuu unayoitegemea kuliko zote, ifungue kutoka kwenye CD yenyewe, iendeshe fremu kwa fremu mbele ya Kiziwi anayeijua lugha, na umuulize anachokiona. Akikosa kidole kimoja, gawanya kazi katika CD tano na uzipeleke zote tano mapokezi. Wakikataa kuzipokea, waombe waandike sababu ya kukataa, waweke tarehe na saini, nawe uniletee karatasi hiyo.